Kupiga lipu ya chokaa kwenye nyumba kongwe za mawe

Ukuta wa nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Lamu au ya Mji wa Kale wa Mombasa una unene wa karibu nusu mita, wakati mwingine zaidi. Ndani yake hamna tofali wala uwazi. Ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa kwa udongo mwekundu na chokaa, kisha yakafunikwa kwa lipu ya chokaa nje na ndani. Chini hamna karatasi ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda, mvua hupiga, mvuke wa jikoni na bafuni hujipenyeza. Ukuta umedumu kwa sababu kila kinachoingia hupata pa kutokea.

Simenti huziba njia hiyo. Lipu ya simenti ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, na ukuta wa matumbawe hucheza kidogo kila siku kwa joto na unyevu. Simenti haichezi, hivyo hupasuka nyufa nyembamba, mvua huingia kupitia nyufa hizo na kushindwa kutoka. Ndani, udongo uliofunga mawe hulainika. Vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani huoza taratibu bila mtu kuona, maana lipu ya nje bado inapendeza. Chumvi nayo hujikusanya nyuma ya lipu, inaganda na kusukuma, mpaka bamba zima linaanguka na kuondoka na uso wa mawe.

Mwongozo huu ni wa kurudishia lipu ya chokaa kwenye ukuta wa namna hiyo. Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi mwashi anayejua mwiko, ila atalazimika kuacha mazoea mawili aliyoyapata kwenye simenti: haraka na ukavu.

Kabla ya kununua chochote

Tafuta maji kwanza. Lipu mpya juu ya ukuta unaovujiwa ni hasara. Panda juu ukague paa, mifereji na mabomba ya kushushia maji. Angalia choo na bafu za ghorofani, hasa zilizoongezwa baadaye kwa mabomba ya plastiki yaliyotobolewa ukutani. Angalia pia maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi. Kibomba kimoja kinachodondosha mahali palepale mchana kutwa kinaweza kuozesha kona nzima ya nyumba, na mara nyingi aliyekiweka ni jirani wa juu. Chini, tazama kama njia au baraza imeinuliwa kwa zege mpaka ikapita usawa wa sakafu ya ndani.

Kisha tafuta hatari. Ukuta uliotoka tumbo, ufa unaoweza kuingiza kidole, ufa unaoongezeka mwezi hadi mwezi, au dari lililoshuka kwenye mwisho wa boriti: hayo si ya mpiga lipu. Mwite mhandisi anayezijua nyumba za mawe, na usibandue lipu yoyote kabla hajafika, kwa kuwa pengine lipu hiyo ndiyo inayoshikilia.

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001. Ukiwa Zanzibar, kibali huombwa kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lamu, anza kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda mapema.

Msimu nao una uzito. Masika haifai, mvua huosha chokaa kabla haijashika. Kaskazi kuna jua kali linalokausha lipu kwa saa moja. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni hadi Septemba, hali ya hewa ikiwa imepoa. Tatizo la wakati huo ni upepo wa kusi, nao huzuiwa kwa magunia au neti za kivuli zilizofungwa kwenye jukwaa.

Chokaa gani

Dukani utakutana na vitu vitatu vinavyoitwa chokaa, na kimoja hakifai kabisa. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, hayajachomwa. Haitashika hata ukiingoja mwaka. Ukiona neno kilimo kwenye mfuko, acha.

Chokaa ya mfuko ya ujenzi imeshachomwa na kuzimwa kiwandani, ikawa unga. Inafaa ikiwa mpya. Unga uliokaa ghalani kwenye hewa ya pwani hurudi kuwa jiwe humohumo mfukoni. Jaribu kwa kijiko kimoja na matone ya siki: ukitoa povu jingi, umeshakufa. Povu kidogo si neno. Usiutumie mkavu. Loweka unga kwenye pipa la maji, koroga, uache angalau siku moja. Wiki mbili au zaidi ni bora, rojo inakuwa laini na inashika mwiko.

Chokaa ya tanuu, ile itokanayo na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, ndiyo iliyojenga miji hii. Ubora wake hutofautiana kutoka tanuu moja hadi nyingine na hata kutoka upande mmoja wa tanuu hadi mwingine, kwa sababu jiwe linahitaji joto la karibu nyuzi 900 ili ligeuke, na pembezoni mwa moto joto hilo halifiki. Ndiyo maana ndani yake hukosi mkaa, majivu na mawe yasiyoiva. Chekecha na uloweke kwa muda mrefu.

Ukiipata kabla haijazimwa, jihadhari. Tumia pipa la chuma, si la plastiki, kwa kuwa maji yatachemka. Jaza maji hadi nusu ya pipa, kisha tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo huku mtu akikoroga kwa mti mrefu. Usimwage maji juu ya rundo la chokaa: hulipuka na kurusha rojo ya moto usoni. Miwani ya kufunika macho, glavu za mpira, mikono mirefu na buti ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uende hospitali, si kinyume chake. Ikishapoa, pitisha rojo kwenye chekeche la milimita 3, funika kwa maji yenye kina cha sentimita 5 na uache miezi mitatu. Muda huo si wa urembo. Chembe zilizoungua kupita kiasi huchelewa kuzimika; zikizimikia ukutani huvimba na kufyatua vishimo kwenye lipu.

Rojo nzuri ni ile inayong'ang'ania mwiko ukiugeuza juu chini.

Mchanga

Hapa ndipo watu wengi huokoa shilingi na kupoteza kazi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, punje zake zimeviringika na zinalingana ukubwa, na kuuchota kunakula fukwe. Tafuta mchanga wa shimo wenye punje kali za ukubwa mchanganyiko, kuanzia milimita 5 kushuka hadi vumbi. Jaza nusu chupa ya mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache usiku mmoja. Tabaka la udongo juu ya mchanga likizidi kama sehemu moja ya ishirini, mchanga uoshwe au ubadilishwe.

Kiasi cha chokaa huamuliwa na mchanga wenyewe. Kausha lita moja ya mchanga kabisa, ujaze kwenye chombo, kisha mimina maji yaliyopimwa mpaka yafike usawa wa juu. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi iliyo kati ya punje, na nafasi hiyo ndiyo inayotakiwa kujazwa na rojo. Mchanga mzuri hunywa mililita 300 hadi 350, na hapo ndipo ilipotoka kanuni ya rojo moja kwa mchanga mitatu. Ukinywa 400, uwiano wako ni moja kwa mbili na nusu. Chokaa ikipungua lipu hubomoka kuwa vumbi. Ikizidi, hunywea na kupasuka.

Hesabu

Lipu yote ya nje huwa na unene wa karibu milimita 20. Mita moja ya mraba ni lita 20, yaani ndoo moja. Kwa ukuta wa mita za mraba 40 unahitaji lita 800, ongeza moja ya tano kwa mashimo ya mawe na kinachoanguka: karibu lita 960. Kwa vile rojo hukaa ndani ya nafasi za mchanga na haiongezi ujazo, agiza mita moja ya ujazo ya mchanga na rojo lita 330, yaani ndoo 16 au 17 za lita 20. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa hutoa karibu lita 40 za rojo, kwa hiyo mifuko tisa. Chukua kumi, utahitaji ya kupaka mwishoni.

Nyuzi za kufunga: gramu 100 kwa kila ndoo ya lita 20. Manyoya ya mbuzi yaliyooshwa yanafaa, hata katani iliyokatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5.

Kubandua lipu ya zamani

Gonga ukuta mzima kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu lipu imeshaachana na ukuta; panapolia mzito bado imeshika. Lipu ya zamani ya chokaa iliyoshika iache ilipo, utaiunganisha na mpya. Ya simenti ianzie juu, pembeni mwa sehemu tupu, kwa nyundo ndogo na patasi iliyolazwa ili inyanyue badala ya kuchoma ndani. Mashine ya kutobolea kwa kugonga isikaribie. Inalegeza mawe upande wa pili wa ukuta.

Jaribu kwanza kipande cha nusu mita. Simenti ikitoka na uso wa jiwe, simama. Kuna simenti ambayo kuibandua kunaharibu kuliko kuiacha, na pengine busara ni kubandua sehemu ya chini peke yake, mita moja au moja na nusu kutoka ardhini ambako unyevu hupanda, na kungoja iliyobaki ilegee yenyewe.

Ukuta uliokuwa umefungiwa kwa simenti uache wazi ukauke msimu wa kiangazi mzima ukiweza. Chumvi itachomoza kama unga mweupe. Ipige brashi kavu, uikusanye kwenye turubai na kuitupa mbali. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Rudia kila inapochomoza.

Kisha safisha viungo kina cha sentimita 2 au 3, toa udongo uliolegea, na jaza mashimo kwa vipande vya matumbawe vilivyozungushiwa chokaa. Shimo la sentimita 6 lisijazwe kwa chokaa tupu kwa mara moja. Nenda kwa tabaka zisizozidi milimita 15, kila moja ikishika kabla ya nyingine, la sivyo utapata mfuko wa rojo usioshika kamwe.

Kuchanganya

Sehemu moja ya rojo, tatu za mchanga, pimeni kwa ndoo, si kwa koleo. Usiongeze maji. Mwanzoni mchanganyiko utaonekana mkavu na fundi ataomba maji. Ukandwe, upondwe kwa miguu ya buti au kwa mchi, ugeuzwe, na baada ya dakika 20 utalainika kwa maji yaliyomo kwenye rojo. Kila maji ya ziada yatatoka ukutani kwa njia ya ufa. Ukipata muda, funika rundo kwa magunia mabichi na plastiki ukae wiki moja, kisha ukande tena. Nyuzi zitiwe siku ya kazi, zitawanywe kidogo kidogo, kwani chokaa mbichi huzila zikikaa humo.

Kwa kuta zinazopigwa na mvua ya pepo au zilizo karibu na bahari, unga wa tofali zilizochomwa kwa moto mdogo, uliosagwa laini, huipa chokaa uwezo wa kushika hata penye unyevu. Sehemu moja kwa kila kumi za mchanganyiko inatosha. Majivu ya volkano nayo hufanya kazi hiyo. Vyote hutiwa siku ileile ya kupiga, na kilichobaki jioni kinatupwa.

Na simenti "kidogo tu ili ishike haraka"? Ombi hili litakuja, mara nyingi siku ya pili. Kataa. Simenti kidogo hukaza lipu kabla chokaa haijapata hewa, huacha kiunzi dhaifu ndani yake na kuongeza chumvi ukutani. Matokeo hayana nguvu ya simenti wala ulaini wa chokaa.

Kupiga

Siku moja kabla, mwagilia ukuta taratibu kuanzia juu. Mwagilia tena saa moja kabla ya kazi. Unataka ukuta ulioshiba lakini usiong'aa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kwa dakika chache, ikabaki mchanga mkavu uliogandamizwa.

Anza na mtupio: mchanganyiko laini kidogo, rojo moja kwa mchanga mkubwa miwili na nusu, unarushwa kwa nguvu kwa mwiko ukutani kuacha uso wenye vinundu, unene wa milimita 3 hadi 5. Usiusawazishe. Kazi yake ni kushika. Uache siku tatu au nne ukiwa na unyevu.

Tabaka la kwanza lina nyuzi, unene wa milimita 8 hadi 10, likandamizwe kwa nguvu. Usitafute ukuta ulionyooka kwa timazi. Nyumba hizi zina mawimbi, na anayenyoosha kwa kamba na ubao huishia na lipu ya sentimita 5 upande mmoja, ambayo itaanguka. Fuata ukuta. Likianza kukaza, likwaruze kwa ncha ya mbao mistari ya mshazari inayopishana, kina cha milimita 2 au 3, bila kufika kwenye jiwe.

Siku mbili tatu zinazofuata rudi ukaangalie nyufa nyembamba. Zikionekana, lowesha kidogo na zikandamize kwa kibao cha mbao lipu ikiwa bado inakubali. Tabaka la pili huja baada ya siku 7 hadi 14, pale ukucha unapoacha alama lakini kidole gumba hakizami. Ni la uwiano uleule, milimita 6 hadi 8, nalo husuguliwa kwa kibao mzunguko mzunguko.

La mwisho ni jembamba, milimita 3, mchanga uliochekechwa laini, rojo moja kwa mchanga miwili. Malizia kwa kibao cha mbao au kipande cha gunia. Mwiko wa chuma huvuta rojo juu na kufunga ngozi. Hewa haipiti tena, na chini yake chokaa hubaki mbichi. Neru, yaani lipu laini ya chokaa inayong'arishwa kwa chuma, ni ya ndani ya nyumba, kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na kuta za vyumba, si ya kupigwa na mvua.

Acha sentimita 3 hadi 5 kati ya mwisho wa lipu na ardhi, isije ikanyonya maji ya barabarani.

Wiki ya maji

Chokaa haikauki ili ishike. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji hewa na unyevu kwa pamoja. Ikikauka, husimama hapohapo ilipofikia. Kwa hiyo kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi yaliyoning'inizwa sentimita chache kutoka ukutani, na linyunyiziwe ukungu wa maji mara tatu au nne kwa siku kwa siku saba. Siku za upepo mara nyingi zaidi. Tumia bomba la kunyunyizia dawa za mimea lililo safi, si mpira wa maji. Mpe mtu mmoja kazi hii kwa jina na umlipe, Jumapili na Ijumaa zikiwemo, kwa sababu kazi ya kila mtu haifanywi na mtu.

Kupaka

Rangi za plastiki zinarudisha tatizo la simenti kwa mlango mwingine. Paka chokaa. Changanya rojo moja na maji mawili au matatu, chuja kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi pana, ungoja siku moja, paka tena, mara tano au sita. Mpako wa kwanza hauonekani ukiwa mbichi na hapo wengi huongeza uzito; matokeo yake ni magamba. Rangi ukitaka, tumia udongo wa rangi au unga wa oksidi ya chuma usiozidi gramu 50 kwa kilo ya rojo. Wanaotia chumvi ili chokaa ishike wanaupa ukuta kitu ambacho ulihangaika kukitoa.

Ikienda vibaya

Lipu ikitoka vumbi ukiipangusa, ilikauka upesi au rojo ilikuwa chache. Ya kukauka upesi huenda ikapona: inyunyizie maji ya chokaa yaliyotulia juu ya pipa kwa siku kadhaa, kisha funika. Nyufa zilizojisuka kama wavu ni maji mengi kwenye mchanganyiko au mchanga wenye udongo. Zikiwa nyembamba, mpako wa chokaa utazijaza. Ufa mmoja mrefu unaofuata mshazari si wa lipu, ni wa nyumba.

Bamba likilia utupu baada ya wiki mbili, ukuta haukuloweshwa au ulikuwa na vumbi. Likate kwa mraba, lowesha, anza upya pale tu. Vishimo vidogo vyenye chembe nyeupe katikati ni chokaa iliyochelewa kuzimika. Huendelea kwa miezi, kwa hiyo usizibe mpaka viishe.

Sehemu ya chini ikianza kumenyeka ndani ya miaka michache huku juu pakiwa pazima, chumvi inatoka kupitia lipu badala ya kutokea kwenye jiwe. Ndivyo inavyotakiwa. Bandua mita hiyo ya chini, piga brashi chumvi, piga lipu nyingine ya mchanga mkubwa, rojo moja kwa mitatu, bila unga wa tofali, na uhesabu kurudia tena. Kila mara chumvi hupungua.

Ukitaka kujua chokaa imeshika kiasi gani, vunja kipande kidogo pasipoonekana na udondoshee fenolfthaleini inayotumika maabara za shule. Palipogeuka pinki bado ni pabichi, palipobaki peupe pamekuwa jiwe. Kwenye tabaka la milimita 10 inaweza kuchukua miezi. Kipande hicho kizibe kwa rojo iliyobaki kwenye pipa, ambayo haiharibiki mradi ina maji juu yake na kifuniko.